Sikimbii Kitu, Nakimbia Tu

Wasee wa Nairobi, tukubaliane kitu kimoja. Hapa kwetu, kijana akionekana anakimbia barabarani kuna mambo mawili tu: ameiba, ama ameibiwa. Hakuna la tatu. Mvua ikinyesha tunajificha kwa veranda ya duka. Mat ikianza kutoka steji tunadandia, na hizo ni hatua nne, hiyo huwezi kuita kukimbia. Mara ya mwisho mimi kukimbia na roho yangu yote ilikuwa tarehe 25 Juni 2024, katikati ya tao, na nyuma yangu kulikuwa na moshi wa kutoa machozi. Siku hiyo sikuhitaji kufundishwa.

Sasa chora picha ya siku yangu ya kwanza ya mazoezi, Agosti mwaka jana. Saa kumi na mbili asubuhi, Kamiti Road, nimetoka Zimmerman naelekea Roysambu. Nimevaa hudi nyeusi, kofia yake juu ya kichwa, na raba ambazo huwa navaa nikienda harusi. Nimekimbia dakika tatu hivi, macho yanataka kutoka, mdomo uko wazi kama wa samaki. Msee wa nduthi akapunguza mwendo kando yangu.

"Buda, umeibiwa?"

Nilitaka kumwambia hapana, lakini pumzi ya kusema hapana sikuwa nayo. Nikapunga mkono tu. Yeye akaelewa nimesema ndio.

"Ameenda na wapi? Panda tumfuate!"

Na mimi nikapanda. Naona aibu kuandika hii, lakini manze, miguu ilikuwa imekataa na hapo mbele yangu palikuwa na kiti. Tukaenda kasi mpaka karibu na Roysambu tukitafuta mwizi ambaye hayuko. Nilipopata pumzi nikamweleza kwamba sijaibiwa, nilikuwa nafanya mazoezi. Akasimamisha pikipiki. Akaniangalia kwa muda. Kisha akaniitisha finje ya mafuta.

Hivyo ndivyo safari yangu ya kukimbia ilianza. Kama abiria.

*

Kitu kilichonitoa kwa nyumba ni mtungi wa maji. Naishi ghorofa ya nne, ploti haina lifti. Wiki hiyo mifereji ilikuwa imekauka siku tatu, kwa hivyo unashuka hadi tangi la chini, unajaza mtungi wa lita 20, unapanda nao. Ghorofa ya pili nikauweka chini nikashika ukuta. Ghorofa ya tatu nikauweka chini nikaukalia. Nikiwa hapo nimekaa, mama wa ghorofa ya tano akapita na mtungi wake, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Uko sawa, kijana wangu?" Wala hakuwa anahema.

Mimi niko na miaka 22.

Hiyo usiku nikajiangalia vizuri. Nilikuwa nalala saa kumi alfajiri nikihariri video, naamka saa sita mchana, nakula chipo ama smokie mbili, narudi kwa kiti. Kuna siku simu iliniambia nimetembea hatua mia nne. Mia nne! Hizo ni kitanda, choo, mlango, kitanda.

Na kuna kitu kingine, hebu nikiseme mapema. Kama unanifuata kutoka zamani unajua niliacha chuo. Kama wewe ni mgeni, karibu: niliacha mwaka wa pili, semista ya pili. Watu hupenda niseme niliacha juu video zilikuwa zinalipa. Hapana. Karo ilinishinda, na hesabu nazo nilikuwa nafeli, na hizo shida mbili zikapatana wiki moja. Video zilikuja baadaye, juu mtu lazima ale.

Mathe anajua. Lakini kwetu Nyahururu, jirani akimuuliza mbona niko nyumbani Jumanne, yeye hujibu, "Yuko likizo." Wasee, nimekuwa likizo miaka miwili. Hakuna mwanafunzi Kenya hii amewahi kupumzishwa kama mimi.

Na ukisema unatoka Nyahururu, watu hutarajia mambo. Huo ndio mji wa Samuel Wanjiru. Jamaa alishinda dhahabu ya marathon pale Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa saa 2:06:32, Mkenya wa kwanza kushinda marathon ya Olimpiki, na alikuwa na miaka 21. Mwaka mmoja chini yangu. Mimi na miaka 22 nimekalia mtungi ghorofa ya tatu.

*

Kosa langu la kwanza lilikuwa ni kufikiri kukimbia ni ile tunaona kwa TV. Sisi Wakenya tumelelewa na mabingwa sebuleni. Tulimwona Eliud Kipchoge kule Vienna, Oktoba 2019, akimaliza kilomita 42 na kitu kwa saa 1:59:40. Tulimwona Kelvin Kiptum kule Chicago, Oktoba 2023, akikata utepe kwa 2:00:35, na Februari iliyofuata tukamlilia. Kwa hivyo mtoto wa Nairobi akisema "nimeanza kukimbia", kichwani anaona huo mwendo. Hakuna mtu alituonyesha sura ya mwanzo.

Nikafanya hivyo kila siku kwa wiki moja. Natoka kwa geti kama risasi, nafika kwa kibanda cha mandazi, nasimama nimeshika magoti, natembea kurudi. Siku ya pili nikarekodi video nikaipandisha. Komenti zilikuwa tamu kwa kila mtu isipokuwa mimi. "Mkenya gani huyu?" "Rudisha kitambulisho." Mwingine akaandika tu, "Pole kwa familia."

Nilicheka na wao, juu hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini nikizima simu hizo komenti zilikuwa zinanishika mahali. Shida haikuwa kukimbia. Nilikuwa nimeshazoea kuona watu wa rika langu wakinipita: huyu amepata kazi ya mafunzo, huyu amemaliza mwaka wa tatu, huyu ameenda Qatar. Na sasa hata kwa barabara, ya bure, nilikuwa naambiwa niko nyuma.

Nilikuwa niache. Kilichoniokoa ni soja wetu wa geti. Sote tunamwita Mzee. Alikuwa amenitazama wiki nzima bila kusema kitu. Asubuhi moja nikirudi nimeshika kiuno, akaniambia:

"Kijana, mbona unatoka kama umechomwa na unarudi kama umefiwa?"

Nikamwambia najifunza kukimbia, Mzee.

"Hiyo si kukimbia, hiyo ni kukimbizwa. Sisi shule ilikuwa kilomita sita. Unafikiri tulikuwa tunaenda hivyo? Si tungefika tumekufa. Tulikuwa tunakimbia tukipiga stori. Ukishindwa kupiga stori, umezidisha."

Ni hayo tu. Akarudi kwa redio yake.

Sasa mimi sina mtu wa kupiga stori naye saa kumi na mbili asubuhi, kwa hivyo nikaanza kurekodi ujumbe wa sauti kwa beshte yangu nikiwa barabarani. Nikiweza kumaliza sentensi nzima bila kukatika, niko sawa. Nikianza kusema neno moja moja kama mtu anatoa ushahidi kortini, napunguza. Mwanzo mwendo uliotoka hapo ulikuwa wa aibu. Kuna mama alikuwa anatembea na gunia la sukuma akanipita. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilifika Roysambu. Sikupanda nduthi. Nilifika na miguu yangu, nikapanda lile daraja la watu la Thika Road, nikasimama juu nikaangalia magari ya tao yakiwa yamejaa huko chini, na bado nilikuwa na pumzi ya kuongea.

Baadaye nikasoma, na nikapata kwamba makocha wanasema vile vile Mzee alisema. Mtu anayeanza, karibu mbio zake zote zinafaa kuwa za mwendo wa kuongea. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, misuli inajifunza kutumia hewa vizuri, na hiyo kazi yote inafanyika ukienda pole. Ukienda kasi kila siku unajichosha tu, na kesho hutoki.

*

Najua kuna mtu ameruka mpaka hapa akitafuta "nianze aje". Sawa. Mimi si kocha, lakini hivi ndivyo nilifanya, makosa yakiwemo.

Kwanza, changanya kukimbia na kutembea. Nilifuata mpango mmoja maarufu unaitwa Couch to 5K, ni wa wiki tisa, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea dakika tano kupasha mwili, halafu unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Sekunde 60! Nilicheka. Kufika raundi ya sita sikuwa nacheka. Kuna wiki nilirudia mara mbili, na wiki ya tano niliirudia mara tatu. Hakuna mtu alinipigia simu kuniuliza.

Pili, viatu. Zile raba za harusi zilinipa malengelenge mawili makubwa kama maharagwe. Nikaenda Gikomba nikapata ndula za kukimbia kwa soo kumi na mbili. Ukinunua mtumba, geuza kiatu uangalie soli. Kama kimeliwa upande mmoja, mwenyewe alikuwa anakimbia upande huo na atakufundisha tabia yake. Bonyeza povu la ndani na kidole. Kama ni gumu kama ubao, hicho kimekufa, kiache hata kama rangi ni safi.

Tatu, mifupa huchelewa. Hii ndiyo ilinipiga zaidi. Wiki ya nne pumzi ilikuwa imefunguka, nikajiona nimekuwa Kipchoge, nikaongeza umbali na kasi siku moja. Ule mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti, ukaanza kuuma hadi kushuka ngazi ilikuwa kesi. Ni hivi: mapafu na moyo huzoea kazi mapema, lakini mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo kuna kipindi ambapo pumzi inakuambia "twende" na miguu bado haijafika. Sikiliza miguu. Nilipumzika siku kumi, nikarudi nyuma wiki mbili kwa mpango, na hayakurudi. Yako yakikataa kuisha, ama yakiuma mahali pamoja tu kama kidonda, enda uonwe na daktari, usiniamini mimi.

Nne, dakika kumi za kwanza ni uongo. Hata leo. Kila asubuhi mwili wangu huniambia leo ni mgonjwa, leo rudi. Ukiupa dakika kumi unanyamaza. Nimejifunza kutoamua kitu chochote kuhusu maisha yangu katika hizo dakika kumi.

Tano, usalama. Siku hizi nimeacha hudi nyeusi. Navaa tishati ya rangi ya machungwa kama mfanyakazi wa barabara, na nawasalimia watu wa nduthi kwa steji, ili wakinitazama wajue ni yule mwendawazimu wa kila siku. Lakini kuna rafiki yangu msichana, nilipomwambia atoke tu saa kumi na mbili, aliniangalia kama nimemwambia alale barabarani. "Wewe unaogopa kuitwa mwizi," aliniambia. "Mimi orodha yangu ni ndefu." Yuko sawa. Yeye hukimbia na kundi lao Jumamosi, Karura, mchana ukiwa umeshatoka. Nilienda nao siku moja. Unalipa kiingilio, halafu unapewa vumbi jekundu, miti, na nyani wanaokucheka. Unakimbia humo ukikumbuka Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiupigania huo msitu usikatwe vipande vya kugawiwa watu wakubwa. Dada zangu, kama hamna kundi, tengenezeni. Watu watatu wanatosha.

*

Sasa, lini ilikuwa tamu? Watu huniuliza hivyo kama kwamba kuna siku moja taa iliwaka. Haikuwaka. Ilikuja vipande vipande.

Kipande kimoja ni harufu. Zimma saa kumi na mbili asubuhi inanuka mafuta ya mandazi, vumbi lililonyeshewa na makaa yanayoshika. Nimeishi hapo miaka mitatu na sikuwahi kujua, juu hizo saa mimi nilikuwa nalala. Kipande kingine ni watoto wa shule. Kuna wawili, ndugu na dada, mabegi makubwa kuwaliko. Wakiniona walikuwa wanakimbia na mimi kutoka kwa duka la dawa mpaka kwa geti la shule yao, na kila siku walinishinda, na kila siku walisherehekea kama ni mara ya kwanza.

Kingine ni kichwa kunyamaza. Mimi kichwa changu huwa na makelele ya views, kodi, nani amejibu, nani hajajibu. Nikifika dakika ya kumi na tano hivi hayo makelele yanabaki nyuma kidogo. Sisemi yanaisha. Yanakuwa kama redio ya jirani, unaiskia lakini si yako. Video zangu mbili ambazo zimefanya vizuri zaidi mwaka huo zilinijia hapo, karibu na daraja, bila kutafutwa.

Na niliacha kurekodi mbio zenyewe. Hiyo ilisaidia kuliko viatu. Nikishika simu ya kujipiga picha, nilikuwa nakimbia kasi ya watu wa komenti. Nikiiacha mfukoni, nilikuwa nakimbia kasi yangu.

Halafu Desemba ikafika.

Darasa letu lilihitimu Ijumaa moja. Kwa hesabu yangu ile ningekuwa nimefuata, na mimi ningekuwa hapo. Nilikuwa najua tarehe miezi mitatu mapema, kama mtu anayejua tarehe ya kesi yake. Asubuhi hiyo nikafungua WhatsApp, statasi ya kwanza ni joho na kofia. Ya pili joho. Ya tatu ni mzazi analia na joho. Nikazima data, nikavaa viatu, nikatoka.

Sikuwa na mpango wa kilomita tano. Mpaka hapo nilikuwa sijawahi kuzimaliza bila kutembea. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo simu haiwezi kunionyesha kitu. Nikaenda Roysambu, nikapanda daraja, nikavuka, nikashuka ng'ambo, nikaendelea, nikarudi. Mwendo ule ule wa kupiga stori. Nilikuwa nashuka Kamiti Road kurudi nyumbani wakati simu iliita. Mathe.

"Mbona unahema?"

"Nakimbia, Mami."

"Ngai! Unakimbia nini?"

"Sikimbii kitu. Nakimbia tu."

Kimya. Nikaskia ng'ombe wa jirani huko nyuma yake. Mimi naendelea, hatua moja, hatua moja, juu nilikuwa nimeona kilomita 4.6 na sikutaka kusimama.

"Leo si ndiyo siku yenu ile?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mami."

Kimya tena. Mathe wangu si mtu wa maneno mengi. Nilikuwa nangoja aseme kile ambacho nimekingoja aseme miaka miwili.

"Umekula?"

"Bado. Nikimaliza."

"Basi maliza."

Nikamaliza. Kilomita tano, dakika 41. Kwa hizo dakika, kwa mwendo wake wa Vienna, Kipchoge angekuwa amemaliza kilomita 14 na anatafuta maji. Mimi nilikaa kwa ngazi za ploti nikalia kidogo, na Mzee wa geti akajifanya anatengeneza redio.

Sitawadanganya kwamba zile kilomita tano zilinipa digrii. Mchana niliwasha data na joho zilikuwa bado hapo, na bado ziliuma. Niliwaandikia watu watano hongera ya ukweli, hiyo ndiyo nguvu niliyokuwa nayo. Lakini nilikuwa na kitu cha siku hiyo ambacho ni changu, nilichokianza kutoka sifuri na kukifikisha mwisho. Tangu niache chuo, sikuwa nimemaliza kitu.

*

Krismasi nikaenda nyumbani. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, baridi ya asubuhi inakukata masikio, na hewa ni nyembamba. Mbio zangu za Nairobi zilikufa hapo dakika ya nne. Nimesimama kando ya barabara ya murram nikitafuta mapafu, nikaskia nyayo. Wanariadha wa ukweli, kama kumi hivi, wanatoka mazoezi ya asubuhi.

Nilikuwa nawapisha wapite, halafu nikaona kitu. Walikuwa wanaenda pole. Pole kabisa! Wanaburuza miguu, wanapiga stori, mmoja anacheka. Hawa ni watu ambao wakiamua wanaweza kunizunguka mara tatu. Nikajiunga nyuma yao. Mmoja akageuka akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Nairobi. Akasema, "Leo ni ya kupumzisha miguu, twende tu." Twende tu! Nikaenda. Kwa dakika tano wasee, dakika tano nzima, mimi nilikuwa mwanariadha wa Nyahururu. Kisha mwili wao ukapata joto, wakaanza kuteleza mbele bila kuonekana wakijaribu, na baada ya kona ya pili sikuwaona tena.

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Siku zote hizo nilikuwa nafikiri kwenda pole ni aibu ya wale wameshindwa, kumbe hata mabingwa huanza hivyo.

Siku iliyofuata kukaja mgeni, mama mmoja wa kanisa. Chai ikamwagwa kwa vikombe. Akaniangalia, akauliza lile swali: "Na huyu, wamefunga shule?"

Nikaangalia kikombe changu. Nilikuwa nalijua jibu, nimelizoea.

"Huyu aliachana na shule kitambo," Mathe akasema, huku anaongeza sukari. "Siku hizi anatengeneza video huko Nairobi. Na asubuhi anakimbia."

"Anakimbia nini?"

"Hakimbii kitu. Anakimbia tu."

Wakaendelea na mambo ya kanisa.

*

Basi, kama unasoma hii ukiwa kitandani saa tisa usiku, na wewe ni yule wa hatua mia nne, sikuambii uamke kesho uwe mtu mwingine. Nakuambia tafuta sekunde 60. Halafu tembea. Halafu zingine 60. Usimwonyeshe mtu mpaka uwe na kitu ambacho komenti haziwezi kukunyang'anya. Na ukipitwa na mama wa gunia la sukuma, msalimie, utamkuta tena kesho.

Mimi kesho niko Kamiti Road saa kumi na mbili, tishati ya machungwa. Utanijua kwa sauti ya yule msee wa nduthi wa siku ya kwanza. Kila akinipita hupiga honi na kuniuliza kitu kile kile:

"Buda, bado hujamshika?"

Siku hizi niko na pumzi ya kumjibu.